Baba Gavrilo na Mabinti wa Brezova Ravan

Mwaka umezunguka na kutimia, Baba, tangu asubuhi ile theluji ilipokuwa ikichuruzika kutoka mapaani, nawe ukaacha kupumua katikati ya sentensi. Ndiyo, katikati ya sentensi! Ulikuwa ukimweleza daktari kwamba dirisha la darasa lazima liwe upande wa kushoto wa mtoto anayeandika, ili kivuli cha mkono kisiangukie karatasi, na kwamba shule yoyote iliyojengwa kinyume cha hapo inafaa tu kufugia... Hukumaliza. Daktari alibaki ameushika mkono wako akingoja uendelee, kwa sababu hapa mjini hakuna mtu aliyewahi kukuona ukinyamaza kwa hiari yako.

Sisi wa nyumbani kwako tumekubaliana kwamba kumbukumbu hii haitaandikwa kwa machozi. Magazeti ya Belgrade yalikwisha kulia kwa niaba yetu mwaka jana. Yalikuita mwanachuoni mashuhuri, yakakuita nguzo ya elimu ya Waserbia. Nguzo! Nguzo husimama mahali pamoja ikingoja nyumba ijengwe juu yake. Wewe ulikuwa gurudumu, Baba. Ulikuwa mkokoteni wenye farasi mmoja mbovu na tope hadi kwenye ekseli, ukipanda vilima ambavyo hata mtoza kodi alivikwepa.

Ulizaliwa kwa mfuga nguruwe, chini ya mialoni, na hukulificha hilo hata ulipokula meza moja na mawaziri. Uliporudi kutoka Ujerumani na cheo cha udaktari wa falsafa, watu walikuja kukupokea wakitarajia kofia ndefu na miwani ya dhahabu. Wakamwona kijana mwenye koti lililochanika anauliza, "Shule iko wapi?" kabla hajauliza mama yake yuko wapi. Bibi Petrija alikuwa amesimama mbele yako! Mpaka leo anasema, "Nilimzaa mimi, lakini akazaliwa mara ya pili shuleni, na huko hawakunialika."

Mifuko yako, Baba! Mama Persida akifua makoti yako alikuwa akitoa chaki, njugu za mwaloni, mayai ya kware, magome ya miti, na siku moja chura aliye hai. "Mume wangu havai nguo," alikuwa akiwaambia majirani. "Anavaa msitu, na mimi ndiye ninayeufua."

Na vyote hivyo vilikuwa vyombo vya kazi. Uliwakuta watoto wa nchi hii wakiimba zaburi kutwa nzima kama nyuki ndani ya mzinga, kwa lugha ya kanisa ambayo hawakuielewa. Ulimwinamia mtoto mmoja ukamuuliza, "Mwanangu, unasema nini?"

Akakujibu kwa fahari, "Sijui, bwana. Lakini nasema vizuri."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukasimama, na tangu siku hiyo hukukaa tena. Mtoto aone kwanza, ashike, anuse, aseme kwa maneno ya nyumbani kwao, na baada ya hapo ndipo aandike. Ndiyo elimu yako yote kwa maneno machache. Leo inasemwa kirahisi. Wakati ule watu wazima walikutemea mate barabarani kwa ajili yake.

Nani amesahau ile semina ya walimu ya kiangazi? Walikuja walimu wa wilaya nzima, na wengi wao walikuwa bado wanawaadhibu watoto kwa kuwapigisha magoti juu ya punje za mahindi. Mwalimu Arsenije, mzee wa masharubu yaliyopindwa, alisimama akatangaza, "Mahindi hayajamuua mtu, bwana profesa. Yametulea sisi sote."

"Vizuri sana," ulisema. Ukamwaga gunia la mahindi sakafuni, ukakunja suruali, ukapiga magoti. "Karibu, Mwalimu Arsenije. Hotuba yangu ya leo ni fupi. Tutaisikiliza sote tukiwa hapa."

Haikuwa fupi. Ulizungumza juu ya mwili wa mtoto, juu ya hofu, juu ya kumbukumbu na jinsi maumivu yanavyoifunga, na jasho lilikuwa likikutiririka hadi kidevuni. Arsenije alivumilia kwa muda kwa sababu ya heshima ya masharubu yake. Hatimaye akanguruma, "Inatosha! Nimeelewa!"

"Umeelewa nini?"

"Kwamba sijasikia hata neno moja ulilosema. Nilikuwa nawaza magoti."

Walimu waliangua kicheko, na wewe ukamkumbatia pale pale chini, mahindi yamewaganda nyote wawili. Mzee yule alikutetea mpaka alipofariki.

Hizo ni hadithi ambazo mji mzima unazo. Ila iko moja ambayo sisi wa nyumbani tulikuwa tunaisimulia nusu nusu, kila mtu na kipande chake, kwa sababu ilitugharimu. Leo tunaisimulia yote. Tunaijivunia mno hata hatuwezi kuendelea kuinyamazia!

Kule juu Brezova Ravan ulikuwa umefungua shule ya wasichana, ya kwanza katika vilima vile. Ulimpeleka Mwalimu Jelisaveta, msichana kutoka ng'ambo ya mto Sava, mwenye sauti ndogo na mgongo wa chuma. Mwaka mmoja tu, na mabinti wa wachungaji wakawa wanasoma. Kisha miti ya plamu ikazaa kupita kiasi. Mkuu wa kijiji, Tanasije, alikosa mahali pa kuhifadhi plamu zake zilizokaushwa, akatazama huku na kule, akaona shule. Akawatoa wasichana, akaingiza magunia, akatia kufuli.

Ulipopanda kwenda kumwona, alikungoja mbele ya kilabu cha pombe, mikono kiunoni, wanaume wa kijiji nyuma yake.

"Msichana akijua kusoma atawaandikia askari barua," alisema. "Plamu haziandikii mtu."

"Bwana Tanasije, nipe ufunguo."

"Ufunguo uko nyumbani kwangu, kwenye msumari. Na naapa mbele ya hawa wote, mguu wako hautavuka kizingiti changu maadamu mimi ndiye mkuu hapa!"

Huko Belgrade nao hawakukusaidia. Walikwambia mkaguzi wa wizara atapita Brezova Ravan wiki inayofuata sikukuu ya Mtakatifu Georgi ya mwezi wa Novemba. Akikuta mlango umefungwa, shule inafutwa, mwalimu anahamishwa, na hakuna atakayethubutu kuomba shule nyingine ya wasichana katika vilima vile kwa kizazi kizima. Ulirudi nyumbani ukiwa umekunja uso. Hukugusa supu. Stamena, binti yako pekee, alikuwa akikukatia mkate.

Mara ukapiga meza, vikombe vikaruka. "Slava!"

Sote tulijua maana yake. Siku ya mtakatifu wa ukoo, siku ya slava, mtu hatoi mwaliko. Anayejua anakuja, na anayekuja hafukuzwi, awe rafiki, awe adui, awe mwizi wa farasi. Na siku hiyo mwenye nyumba haketi. Anasimama kichwa wazi tangu mshumaa unapowashwa, anawahudumia wageni wake kwa mkono wake mwenyewe, hata kama roho inamuuma.

"Ameapa juu ya kizingiti chake," ulisema huku umekwisha kusimama, ukitembea kutoka jiko hadi dirishani, "na amesahau kwamba siku ya slava kizingiti si chake! Nitaingia na Jelisaveta, na mabinti wote, tukae mezani kwake, na yeye asimame atuhudumie! Slava yake ni ya mtakatifu gani?"

Mama Persida alijibu polepole. "Mtakatifu Georgi wa Novemba."

Hiyo ndiyo slava yetu pia.

Bibi Petrija aliweka kijiko chini. "Mwanangu, mwenye nyumba haondoki siku ya mtakatifu wake. Baba yako alisimama mbele ya mshumaa huo akiwa na homa, majirani wawili wamemshika makwapa asianguke. Wewe unataka kwenda kula nyumbani kwa mtu mwingine?"

"Mama, ni siku hiyo au basi. Shule itafutwa."

"Na hapa atasimama nani? Huna mwana."

Ulimgeukia Stamena. Hukumtazama kama baba anavyomtazama binti yake. Ulimtazama kama unavyomtazama mwalimu kabla hujampa shule ngumu. "Stamena. Utasimama?"

"Mimi? Baba, mimi ni msichana."

"Ndiyo. Na nitawezaje kwenda kuwaambia watu wa Brezova Ravan kwamba msichana anaweza, kama nyumbani kwangu hawezi?"

Na sasa acha tukwambie jambo ambalo hakukwambia wakati ule. Alikuwa na hasira, Baba! Alikuwa na umri wa kuchumbiwa. Alijua mji mzima ungekuja siku hiyo, wa kula na wa kucheka. Alijua wanawake wangenong'ona kwamba hakuna kijana atakayeoa msichana anayesimama mahali pa mwanamume. Aliona umempa mzigo huo kama mtu anavyompa mwenzake koti ashike. Alisema "Nitasimama," akatoka nje kwenda kupasua kuni, na alipasua nyingi kuliko zilizohitajika.

Bibi alikwambia neno moja tu. "Ukivuka mlango huu asubuhi ya mtakatifu, utarudi kama mgeni." Ukaubusu mkono wake, na asubuhi ya mtakatifu ukauvuka mlango.

Padri Vićentije alipofika kukata mkate wa slava aliingia akitikisa theluji viatuni. "Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Ni mimi, baba padri," Stamena alisema. Kichwa wazi, nywele zimesukwa, mkanda mwekundu wa babu kiunoni.

Padri akakohoa. Akamtazama Bibi. Bibi akatazama dari kana kwamba ameona buibui. Mwishowe padri akaushika mkate upande mmoja, Stamena upande wa pili, wakauzungusha pamoja, wakaumwagia divai na kuusomea, na sauti ya binti yako katika sala ilikuwa thabiti kuliko ya padri.

Wageni walifurika. Ćirko, mfanyabiashara wa ngozi, aliketi kwa starehe, akasukuma sahani yake mbele. "Jamani, siku hizi katika mji huu jogoo wanataga na kuku wanawika!"

Stamena alimsimamia akiwa na sinia la nguruwe wa kuchoma. "Bwana Ćirko, naona umeshiba maneno. Nyama nimpe jirani yako?"

"Aa, binti yangu, si hivyo! Lete, lete!"

Meza nzima ilicheka, na safari hii hawakumcheka yeye. Lakini miguu yake ilikuwa inawaka moto, na kila alipopita mbele ya mshumaa alikuwa akikusemesha moyoni maneno ambayo hatutayaandika hapa.

Wakati huohuo, huko juu, wewe ulikuwa unapanda kilima katika tope. Mwalimu Jelisaveta ndiye aliyetusimulia yote. Nyuma yenu mabinti wa shule, wamevaa nguo zao za kanisani, sketi zimeinuliwa, wanacheka kwa hofu. Tanasije alikuwa mlangoni, kichwa wazi, uso umeng'aa kwa mafuta na furaha, akipokea wakwe zake waliotoka vijiji vya mbali. Akakuona.

"Heri ya slava, mwenyeji!" ulipaza sauti.

Alikuwa mwekundu, akawa mweupe, akawa mwekundu tena. Alitazama kizingiti. Alitazama wakwe. Mzee Obren, baba wa mke wa mwanawe, alisema kwa upole, "Tanasije, mgeni yuko mlangoni."

"Naona."

"Basi mkaribishe."

"Ka... karibuni," alisema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Mliingia! Mabinti wa wachungaji walikaa katika meza ya wanaume, na mkuu wa kijiji akawapitishia bakuli la ngano iliyochemshwa kwa sukari na jozi, mmoja baada ya mwingine, kama desturi inavyotaka. Mkewe, Mama Todora, alikuwa ameficha uso katika aproni, mabega yakimtikisika. Hakuwa analia.

"Kuleni polepole, mabinti," uliwaambia. "Slava ni siku tatu. Sisi hatuna haraka."

Na ukaanza! Ulitoa kipande cha jozi katika ngano ukauliza ni kitu gani. Hii imetoka wapi? Ganda lake liko vipi? Nani mwingine ana ganda gumu na kitu kitamu ndani? Mmoja akasema konokono, mwingine akasema yai, na mdogo kabisa, Cveta, akasema, "Bwana Tanasije!" Nyumba ikalipuka kwa kicheko.

Tanasije alipita na sinia la kabichi zilizofungiwa nyama. "Hapa ni slava, si shule!"

"Kweli kabisa, mwenyeji," ulijibu. "Shule imejaa plamu, ndiyo maana tumekuja hapa."

Mzee Obren alimsogelea Cveta. "Wewe mchokozi, waweza kuandika jina langu?" Cveta alichovya kidole katika divai akaliandika juu ya meza. Mzee aliliangalia. Akainuka, akazunguka meza, akaliangalia kutoka upande wa pili. "Hivi ndivyo nilivyo?" aliuliza. Aliweka kiganja pembeni ya jina lile mtu asilifute kwa mkono wa shati, na tangu hapo akala kwa mkono mmoja.

Ungefikiri hapo mambo yamekwisha. Hata kidogo! Tanasije alikuwa jiwe. Aliwajazia vikombe, akasema mbele ya wote, "Kuleni, kunyweni, hata siku tatu, hata kumi. Mtakatifu ananilazimisha kuwalisha. Hanilazimishi kutoa ufunguo." Na wakwe wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu ni kweli, desturi haikumdai zaidi ya hapo. Ujanja wako ulikuwa umefika ukutani, Baba, na Jelisaveta anasema aliona mabega yako yakishuka.

Ndipo Tanasije akataka kukuchoma kisu cha mwisho. Akainamisha mtungi wa rakija, pombe kali ya plamu, juu ya kikombe chako, akatabasamu. "Nawe bwana profesa, slava yako ni lini? Nije na kijiji kizima, nikurudishie ugeni huu siku tatu."

Ulikisogeza kikombe pembeni.

"Eti? Au wasomi hawana mtakatifu?"

"Leo," ulisema.

"Leo nini?"

"Slava yangu ni leo. Mtakatifu Georgi."

Vijiko vilitua. Mama Todora alifanya ishara ya msalaba. Hata mabinti, ambao hukuwa umewaambia, walikugeukia midomo wazi.

"Na nyumbani kwako amesimama nani?" Tanasije aliuliza, na kejeli ilikuwa imemtoka sautini.

"Binti yangu."

"Huna mwana?"

"Sina. Ninaye Stamena."

"Umeuacha mshumaa wako... mama yako yu hai?"

"Yu hai. Amesema nikirudi nitarudi kama mgeni."

"Umeyaacha yote hayo kwa ajili ya hawa?" Alionyesha kwa mtungi wale wasichana, matope yakiwa bado kwenye sketi zao.

"Kwa ajili ya hawa."

"Umerukwa na akili."

"Inawezekana."

Tanasije akaja upande wako na mtungi wake. Kisha akanguruma, "Simama!"

Ulisimama. Ulidhani unafukuzwa, na mabinti nao wakasimama, Cveta akiwa na mkate mkononi.

"Ninyi kaeni!" aliwafokea. "Nimemwambia yeye. Mwenye slava haketi siku ya mtakatifu wake!" Akakusukumia mtungi kifuani. "Mtakatifu wako ni wangu. Huwezi kusimama kwako, basi simama hapa. Chukua upande ule wa meza, mimi huu."

Ukaivua kofia yako, Baba, ukamimina. Watu wa Brezova Ravan wanaielezea siku hiyo mpaka leo: mkuu wa kijiji na daktari wa falsafa, maadui wawili, vichwa wazi, wakizunguka meza moja na kuwahudumia wasichana wa wachungaji.

"Unamwaga!" Tanasije alikukaripia.

"Nimezoea wino."

"Inaonekana. Shika chini, huku, kwenye shingo. Hivyo!"

Jioni ilipokaribia, hakutoa hotuba. Alifoka tu, akiwa amempa kila mtu mgongo, "Leo siku takatifu, hakuna kubeba mizigo. Kesho plamu zitatoka." Mama Todora hakungoja kesho. Aliutoa ufunguo kwenye msumari akautia mkononi mwa Jelisaveta. "Ushike wewe, mwanangu," alisema, "kabla huyu hajalewa akabadili nia." Mkaguzi alipofika wiki ile alikuta mlango wazi, mabinti madawatini, na darasa zima linanukia plamu. Aliandika kwamba hali ya hewa ya shule ni nzuri. Wala hatutanii!

Ulirudi kwetu siku ya pili ya slava. Tulikusikia kabla hatujakuona, ukipiga kelele tangu kwenye daraja: "Imefunguliwa! Imefunguliwa!" Majirani walitoka nje wakidhani kuna moto. Ulikuja mbio uani, tope hadi magotini, ndevu zimeganda, ukafika mlangoni. Hapo ukasimama ghafla.

Stamena alikuwa ndani, mkanda wa babu bado kiunoni, miguu imevimba ndani ya viatu. Alikuwa ameyaandaa maneno yake usiku kucha. Bibi Petrija alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko, ameikunja mikono, anatazama atakachofanya mwanawe.

Hukukanyaga ndani. Ulivua kofia, ukainamisha kichwa kwa binti yako, ukasema kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kama unayo, "Heri ya slava, mwenyeji. Je, mna nafasi ya mgeni?"

Stamena alifungua kinywa. Maneno yote ya usiku yalikuwa tayari. Akakuona ulivyoshika kofia kwa mikono miwili, kama mkulima mbele ya hakimu, akaona kwamba hufanyi mzaha. Ulikuwa unaomba kweli, na hukujua utajibiwa nini.

"Karibu, mgeni," alisema. "Futa viatu."

Alikukalisha mwisho wa meza, chini ya Ćirko, ambaye alikuwa amerudi kwa ajili ya nyama. Alikujazia kikombe. Ulipotaka kuinuka ukamsaidie kubeba mkate, kwa mazoea tu, aliweka mkono begani kwako. "Kaa, Baba. Mwenye nyumba hajakuambia uinuke."

Ukakaa. Bibi Petrija alicheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. "Mwanangu," alisema, "mwaka huu mtakatifu amepata mwenyeji asiyekimbia."

Nawe hukuichukua tena nafasi ile. Kila mwaka tangu hapo, ulipowashwa mshumaa, uliketi miongoni mwa wageni katika nyumba yako mwenyewe, ukazungumza kinywa kimejaa, ukalalamika kwamba divai inachelewa. Watu wa ukoo walipokuja kukuomba uipeleke slava kwa binamu zako kwa kuwa huna mwana, uliwaambia, "Kamuulizeni mwenye nyumba. Mimi hapa nakula tu." Walimuuliza. Alikataa. Waliondoka, na mwaka uliofuata wakaja kula kama wengine.

Jumamosi hii baada ya misa tutakuwa kaburini kwako na ngano na divai, na Stamena ndiye atakayeshika mshumaa mbele ya padri. Hakuna aliyeuliza kwa nini si mwanamume. Katika mji huu, Baba, hakuna tena anayeuliza. Mistari hii tumeitunga hapa nyumbani, na haiombi radhi kwa mtu:

Hukupiga kwa viboko, wala hukushika panga,
Silaha ni chaki yako, ikafukuza ujinga,
Mabinti wa nchi yako, wanasoma, wanaringa,
Lala, Baba, kazi yako hakuna wa kuipinga!

Tunaokukumbuka: mkeo Persida, ambaye bado anakuta chaki katika makoti yako na haitupi, mama yako Petrija, dada yako Makrena na watoto wake, mkweo Milisav, mume wa Stamena, wajukuu wako Jevrem na Petrija mdogo, ambao wote wawili wanajifunza kusoma, na binti yako Stamena, mwenye nyumba.

Wengine walikuja kwetu wakaaga wakaenda, Baba. Wewe hatujakuruhusu kuinuka mezani, wala hatutakuruhusu kamwe.